Mashine inunuliwe mwisho: bajeti ya mradi wa funza kwa taka za sokoni

Maandiko mengi ya miradi ya taka huanza na mashine. Ukifungua ukurasa wa bajeti unakutana na mtambo wa kusaga, kisha banda, kisha pikipiki ya mizigo. Posho ya mchambuaji taka iko chini kabisa, kama iliyokumbukwa wakati wa kuchapa. Mpangilio huo ndio unaofunga miradi mwezi wa nne tangu ianze.

Tuchukue kilo 200 kwa siku kutoka soko kama Mbuyuni, Moshi: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizopondeka. Funza tunaowasema, watakaokula taka hizo na kuuzwa kama chakula cha kuku, ni wa nzi askari mweusi, ambaye akishakomaa hahitaji kula wala hana habari na sahani yako. Si huyu wa chooni.

Trei ya sentimita 40 kwa 60 inabeba kilo 15 za taka na funza 10,000 wenye umri wa siku tano, kwa siku 12. Usimwage zote kwa mkupuo. Gawa mara tatu, tabaka lisizidi sentimita 5. Kwa kilo 200 unahitaji trei 13 au 14 kila siku, yaani kama 165 zikiwa kwenye mzunguko, na 20 za akiba. Mayai ni gramu 5 hivi kwa siku: gramu moja ina mayai kama 40,000, lakini si yote yanayofikisha siku ya tano.

Sasa mavuno, mahali ambapo hesabu huharibika. Vipeperushi huahidi kilo 20 za funza kwa kila kilo 100 za taka. Hiyo labda kwa makombo ya mgahawa, yenye wali na maharage. Kabichi ni maji matupu, andika 10. Kilo 200 zitakupa kilo 20 za funza wabichi, na ukiwakausha unabaki na kilo 6. Andiko likichukua hizo kilo 20 na kuzizidisha kwa bei ya funza wakavu, mapato yamevimba zaidi ya mara tatu bila mtu kugusa taka. Kwa kiwango hiki achana na kikaushio. Uza wakiwa hai kwa wafugaji wa kuku wa jirani, asubuhi ileile ya kuwachekecha kutoka kwenye mabaki.

Fedha zenyewe: kikundi kianzie mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu), kwa sababu hauna riba. Njia yake inapita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Kinachokaba ni marejesho. Ukianza na pupa (funza waliojifunga ili wageuke nzi), kutoka nzi ni wiki mbili, kutaga wiki moja, kuanguliwa siku nne, kukua siku 17. Hizo ni wiki sita, na funza wa kwanza karibu wote hawauzwi, wanabaki kuwa mbegu. Omba marejesho yaanze mwezi wa tano wa mradi na uambatanishe kalenda hiyo. Usipofanya hivyo, rejesho la mwezi wa pili litatoka kwenye mtaji. Ruzuku nayo huja kwa awamu, na awamu ya pili husubiri ripoti. Kaa na posho za mwezi mzima pembeni.

Katika kila shilingi 100 za kuanzia, tungeweka 40 kwenye posho na usafiri wa miezi sita, 30 kwenye trei, meza na banda, 10 kwenye mapipa ya kutenganishia taka hukohuko mezani kwa wauzaji. Zinazobaki ni akiba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini vifungashio laini bado vimejaa kwenye taka, na kuvitoa kwenye rundo lililokwisha kuchanganyika ni kazi ya kuchosha kuliko zote.

Akiba hiyo italiwa na baridi. Arusha Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na siku 12 zinageuka 18. Moshi ina nafuu ya joto, ila mawingu ya Juni hadi Agosti hupunguza mayai, maana nzi hawa hujamiiana kwenye jua. Pia sisimizi: kila mguu wa meza ukae kwenye kopo lenye oili chafu. Na trei ikilowa, funza hupanda kuta na kutoroka. Changanya pumba, maranda au machicha ya mbege (pombe ya ndizi) yaliyokamuliwa.

Na kusaga? Kwa kilo 200, watu wawili wenye panga na ubao wanamaliza asubuhi, vipande vya sentimita moja au mbili. Vikiwa laini kama uji, hewa haipiti na harufu inaanza. Ukivuka kilo 500, nunua mashine ya petroli, lakini chagua ambayo kifuniko chake kinafunguka kwa mkono bila spana. Kamba za viroba zitajizungusha kwenye shafti yake karibu kila siku.