Yeye Aketiye Mbinguni Anacheka

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimelemewa na video za mzaha juu ya vita zinazosambazwa hata katika makundi yetu ya maombi, nami nimejiuliza kama ni halali kwa mtu wa Mungu kucheka wakati wengine wanazika. Zaburi ya 2 hainipi nafasi ya kujibu haraka, kwa maana wafalme wanapojipanga kinyume cha Mungu, yeye aketiye mbinguni anacheka na kuwafanyia dhihaka.

Ndipo nilipoikumbuka The Great Dictator, filamu ya Charlie Chaplin iliyotoka Oktoba 1940, Ulaya ikiwa vitani. Chaplin aliigiza nafasi mbili, ya kinyozi Myahudi na ya dikteta Hynkel, ambaye kila mtazamaji alimtambua kuwa ni Hitler. Ni vichekesho vya kuanguka na kupigana vikumbo, na humo dikteta anachezea tufe la dunia mpaka linampasukia mikononi. Waingereza, ambao London yao ilikuwa ikipigwa mabomu, waliipokea kwa shangwe. Baadhi ya wahakiki, hata hivyo, waliinung'unikia hotuba ya mwisho, ambamo kinyozi anauacha mzaha na kuitaja Luka 17, kwamba ufalme wa Mungu umo ndani ya watu; waliona wamegeuziwa sinema kuwa ibada. (Sisi tuliozoea mahubiri ya saa mbili tusingelalamika.)

Mwaka 1964 Chaplin aliandika kwamba, kama angalijua unyama halisi wa kambi za Wanazi, asingaliweza kuitengeneza filamu ile. Ndugu zangu, yeye hakujua, lakini sisi tunajua, kwa sababu simu zetu hutuonyesha maiti na kambi za wakimbizi kila siku. Zaburi inamcheka mfalme aliyejikweza, wala haiwacheki wajane aliowaacha nyuma yake. Inakuwaje basi tumtumie mwenzetu video ya mama anayejikwaa akikimbia na godoro kichwani, iliyowekewa sauti za kuchekesha, kisha muda si mrefu tuandike "Amina" chini ya ombi la amani? Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, na Mithali 17:5 inaonya kwamba afurahiaye msiba hatakosa adhabu. Mcheke mwenye kiburi, na umcheke kwa sauti; bali video ya anayekimbia risasi ifute, umwombee mtu huyo hata kama jina lake hulijui, na aliyekutumia mweleze kwa upole sababu ya kuifuta.