Siku Baraza Lilipojaza Fomu Lenyewe

Nilikuwa karani wa kumbukumbu za mikutano katika chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya, na katika mikutano yote niliyoiandika hakuna ninaoukumbuka kama ule wa mwaka 2005, baraza la chuo lilipoketi kuwahoji watu walioomba kazi ya naibu chansela, yaani mtu anayekiendesha chuo siku kwa siku.

Msomaji kijana huenda asione ajabu yoyote hapo. Katika enzi ya Rais Moi, Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na ndiye aliyewateua manaibu chansela. Jina lilisomwa redioni katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, na aliyeondolewa aliweza kulisikia jina la mrithi wake wakati mmoja na dereva wake. Wahadhiri walipogoma mwaka 1993 wakidai chama chao, UASU, kisajiliwe, mwalimu wangu mmoja alipoteza kazi pamoja na nyumba ya chuo alimokuwa akiishi na watoto wake. Chama hicho kilisajiliwa mwaka 2003, mwaka ule ule Rais Kibaki alipokiacha cheo cha chansela na kuwateua watu wengine wakishike. Baadaye nafasi za manaibu chansela zikaanza kutangazwa magazetini, kama kazi nyingine yoyote.

Asubuhi hiyo nilimwekea kila mjumbe fomu ya alama na kalamu. Mahojiano yalikwenda vizuri, na maswali yalikuwa makali kuliko nilivyotarajia, hasa kuhusu madeni ya chuo. Kazi ngumu ilianza wasailiwa walipokwisha kuondoka. Nilipopita kukusanya fomu, mjumbe mmoja mzee, mtu aliyekaa kwenye baraza lile miaka mingi na ambaye mpaka leo namheshimu, aliinama upande wangu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Binti yangu, jina limeshatoka juu?"

"Hapana, mzee. Hakuna jina lililotoka popote."

Alinikabidhi fomu yake. Alikuwa amempa kila msailiwa alama 60, katika kila kipengele, kuanzia utafiti hadi usimamizi wa fedha, kwa mwandiko mzuri ulionyooka. Sidhani kwamba alikuwa mvivu, kwani nilimwona akisikiliza na kuandika pembeni siku nzima. Alikuwa amefunzwa kwa miaka mingi kwamba anayetoa maoni yake kabla ya kujua mkubwa anataka nini anajitafutia balaa, na somo hilo halifutiki kwa sababu tu kiti cha chansela kimepata mtu mwingine. Tulizoea kusema kwamba Ikulu ndiyo iliyotunyima uhuru wetu. Ilitunyima kweli, lakini siku ile niliona pia kwamba tuliukabidhiwa bila ya mtu yeyote kutuzoeza kuutumia.

Mwenyekiti aliitazama fomu ile, hakusema neno, akanirudishia. Nikaipeleka tena kwa mzee pamoja na fomu nyingine tupu. Alihamia kiti cha karibu na dirisha, akafungua daftari lake, na kwa muda wa karibu nusu saa sisi wengine tulikaa kimya tukimsubiri. Aliporudi, alama zake zilitofautiana sana: mmoja alipata 41, na mwingine 83. Chini ya ukurasa alitia saini, kisha akaandika jina lake kamili ingawa fomu haikulitaka.

Uamuzi ulipokamilika, nilichapa tangazo na kulibandika mwenyewe kwenye ubao wa jengo la utawala, kwa pini nne. Ilikuwa karibu saa saba mchana. Langoni, mabawabu walikuwa wamefungua redio na kuongeza sauti, na wahadhiri watatu walikuwa wamesimama karibu nao, wakisubiri jina lisomwe.