Nilivyoweka matairi mapana ya nyuma kwenye Camaro ya 1969 bila kukata bodi

Camaro yangu ya mwaka 1969, gari la Chevrolet ninalolitunza hapa Houston, sasa inakanyaga matairi ya nyuma ya 255/60R15 (upana wa milimita 255, ubavu wenye urefu wa asilimia 60 ya upana huo, rimu ya kipenyo cha inchi 15) yaliyovaa rimu zenye upana wa inchi 8, na hayagusi popote hata nikipakia watu wanne na kujaza buti. Ninaandika kwa fahari, lakini pia kwa hasira, kwa sababu ushauri mwingi niliopewa ungeniharibia gari.

Mmoja alinihimiza nifunge shokapu za hewa nyuma ili bodi inyanyuke na tairi lipate nafasi. Mtindo huo ulivuma sana miaka ya 1970, ila unahamishia uzito wa gari kwenye sehemu za kushikia shokapu, ambazo hazikuundwa kubeba mzigo huo, na hewa ikivuja madigadi yanashukia tairi. Mwingine alisema niongeze spesa, yaani bamba la kusukuma rimu nje, na kukaza nati, basi. Stadi za Camaro, yaani vyuma vya nyuzi vinavyoshika rimu, zina unene wa inchi 7/16, nami sikubali nati ishike stadi kwa urefu ulio chini ya huo. Spesa nene juu ya stadi za kiwandani hailiachii nati sehemu ya kutosha ya kushika.

Fundi wa karakana moja ndiye aliyenikera zaidi. Alinihakikishia kwamba rimu zake za inchi 8 zinaingia kwenye Camaro zote, akazifunga pamoja na matairi, akanionyesha jinsi yanavyozunguka vizuri gari likiwa juu ya jeki. Kabla ya kulipa nilipaka chaki upande wa ndani wa mkunjo wa madigadi (ukingo wa bati uliopindwa kuelekea tairi), nikawaomba vijana wawili wa pale wakae kiti cha nyuma, nikapita juu ya tuta la mlangoni taratibu. Niliporudi na kuinama na tochi, chaki ilikuwa imefutika upande wa kulia kwa urefu wa kiganja, na bega la tairi lilikuwa na mstari mweupe uliokwaruzwa hadi mpira ukachanika nyuzi nyuzi. Rimu zile zilikuwa na inchi 4 tu kutoka uso unaogusana na ngoma ya breki hadi ukingo wa ndani, kwa hiyo tairi zima lilikuwa limesukumwa nje. Zilifunguliwa palepale.

Hapo ndipo nilipoamua kupima gari langu mwenyewe, na njia niliyotumia naipenda mno. Nilikata ubao wa plaiwudi wenye urefu wa milimita 687, ambao ndio kipenyo cha tairi la 255/60R15, nikatoboa matundu matano kwenye duara la inchi 4.75 ili ubao ufungwe kwenye stadi kama rimu. Kwenye kila ncha nilipigilia kipande cha mbao chenye upana wa milimita 260, kwa kuwa tairi hutanuka kwa takribani milimita 5 kwa kila nusu inchi inayoongezwa kwenye upana wa rimu, na upana ulioandikwa ubavuni hauhusu kila rimu. Kifaa hicho unakizungusha kwa mkono, nacho kinakuonyesha pembe za tairi zitapita wapi kabla hujatumia hata senti kwenye rimu. Mbao na skrubu zilinigharimu dola ishirini na kitu.

Jeki lazima ikae chini ya ekseli, wala si chini ya fremu, maana springi zikining'inia vipimo vyote ni vya uongo. Baada ya kupima gari likiwa limetulia, nilinyanyua upande mmoja wa ekseli peke yake, kisha mwingine, ili kuiga barabara yenye mashimo. Upande wa kulia ulikuwa na nafasi ndogo kuliko wa kushoto kwa karibu milimita 8 kwenye madigadi, huku ndani kukiwa na nafasi ya ziada kuelekea springi za mabamba. Bodi za magari haya hazikukaa katikati kabisa ya ekseli, ndiyo maana vipimo vya Camaro ya mtu mwingine sivitegemei.

Nikaagiza rimu za inchi 15 kwa 8 zenye inchi 4.5 upande wa ndani, yaani nusu inchi zaidi ya zile za karakana, kwa bei ya dola mia nane hivi pamoja na usafiri. Mkunjo wa madigadi nilikataa ukatwe, kwa sababu pale ndipo bamba la nje na la ndani yameunganishwa kwa vichomeo vidogo, na ukivikata maji yanaingia katikati na kutu inaanza. Niliupasha joto kwa mashine ya hewa ya moto ili rangi isipasuke, nikaulaza kidogo kidogo kwa kifaa cha rola kinachofungwa kwenye habu. Kazi hiyo haitaki haraka. Nati zikazwe tena baada ya maili 50 hivi.

Jambo ambalo hakuna aliyenitajia ni spidomita. Matairi ya zamani yalikuwa 215/70R14, madogo zaidi, hivyo sasa sindano ikionyesha maili 60 kwa saa mimi niko karibu na 63. Nimeagiza ile gia ndogo ya plastiki inayozungusha waya wa spidomita kwenye gia boksi, yenye meno pungufu kuliko iliyopo.