Usiku wa ubarikio kule Masama

Juzi kwenye kikao cha ubarikio wa mtoto wa dada, tulipofika kwenye bajeti ya vinywaji, mtu mmoja aliomba iongezwe kreti moja "ya vijana". Katibu akaandika, tukahamia kwenye mapambo. Mimi mawazo yalishanirudisha Masama, Kilimanjaro, nyuma ya stoo ya ndizi, shangazi amepiga magoti kwenye majani makavu ya mgomba, macho kwenye saa yake ya mkononi.

Ilikuwa ubarikio mwingine, Desemba, miaka michache baada ya serikali kupiga marufuku viroba, pombe kali ya pakiti ndogo, kuanzia Machi 1, 2017. Pakiti zile zilipotoweka madukani, wazazi wengi walishusha pumzi. Lakini chupa ya mililita 200 nayo inaingia mfuko wa koti. Kijana wa miaka 16, binamu wa mtoto aliyebarikiwa, mwembamba wa kilo 50 hivi, alikuwa ameshinda akibeba viti na kuchinja, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Mchana wazee walimpa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Saa mbili usiku akamaliza chupa ya pombe kali migombani, peke yake, kwa dakika chache. Muda si mrefu tukamkuta juu ya pikipiki ya mjomba wake, anataka kuteremka hadi Kwa Sadala kumrudisha rafiki yake. Alikuwa amekaa wima na maneno yanatoka sawasawa. Mjomba mwenyewe akasema, "Mwacheni aende, mbona yuko sawa?"

Shangazi, nesi mstaafu asiyepandisha sauti, alichomoa ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Yuko sawa sasa hivi," alisema. "Bado inapanda."

Hilo ndilo watu wengi hawalijui. Pombe ikiingia kwenye tumbo tupu, kiwango chake kwenye damu huendelea kupanda kwa nusu saa hadi saa nzima baada ya tone la mwisho. Anayejipima kwa namna anavyojisikia wakati wa kuwasha chombo anapima kitu ambacho hakijafika kileleni. Kijana yule angeondoka akiwa na nafuu, kisha kilele kingemkuta kwenye kona za kuteremka, au pale barabara ya Masama inapokutana na barabara kuu ya Moshi hadi Arusha, penye malori na mabasi.

Hakuondoka. Baada ya kama nusu saa alikaa chini, akaegemea ukuta wa stoo, akateleza.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja alitaka kahawa nyeusi, mwingine ndoo ya maji baridi, mama mkubwa alishakuja na bakuli la mtori, na mjomba alitaka kumtia vidole kooni atapike. Shangazi aliwazuia wote. Alimtikisa mabega na kumwita kwa jina, hakuitikia. Akamfinya nyama ya juu ya bega. Kijana akaguna na kusukuma mkono. Shangazi akaweka kiganja kifuani pake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima kamili, si robo dakika mara nne, kwa sababu mlevi anaweza kupumua vizuri kisha akanyamaza, na ukimya huo ndio unaotafutwa. Tulisimama pale tukisikia muziki wa ukumbini na midomo ya shangazi ikitaja namba. Zilikuwa 14. Alisema zikishuka chini ya 8, au ukimya kati ya pumzi mbili ukizidi sekunde 10, au midomo ikigeuka bluu, au akipata degedege, au ukimfinya asishtuke kabisa, ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri. Akamchagua dereva mmoja asiyekunywa na kumwambia ageuze gari lielekee barabarani.

Kisha akamlaza ubavu wa kushoto. Goti la juu likakunjwa mbele ili asibingirike, kiganja chini ya shavu, kichwa kimerudi nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini, matapishi yakija yatoke nje yasiingie mapafuni. Tai ikalegezwa. Blanketi mbili zikaletwa, ingawa ngozi yake ilikuwa ya moto, maana pombe hupanua mishipa ya damu ya juu ya ngozi. Mtu anahisi joto huku mwili unalipoteza, na Masama usiku si Moshi mjini. Alipozinduka kiasi cha kukaa mwenyewe na kumeza bila kupaliwa, ndipo akapewa maji yenye sukari kidogo kidogo. Ini linaloshughulika na pombe hushindwa kutoa sukari ya kutosha, na kijana asiyekula anaweza kuanguka kwa hilo peke yake.

Alfajiri, saa kumi, alikuja kunawa.

"Shangazi, naomba ufunguo. Nimeshalala, imeisha."

"Umelala wewe, baba. Ini lako halijamaliza kazi."

Piga hesabu uone. Mililita 200 za pombe ya asilimia 35 ni mililita 70 za kilevi chenyewe, yaani gramu 55 hivi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20, kwa hiyo alikunywa karibu bia tatu kwa mkupuo. Kwa kilo zake 50, hiyo inakaribia miligramu 160 kwa kila mililita 100 za damu, mara mbili ya kikomo cha dereva Tanzania, ambacho ni 80. Mwili hupunguza kama 15 kwa saa. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala usingizi, wala jasho. Kwa hiyo alfajiri ile bado alikuwa nayo, na sijaihesabu mbege, ambayo nguvu yake hakuna anayeijua: inaendelea kuchacha, ya jioni si ya asubuhi. Ufunguo alipewa baada ya chakula cha mchana.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Pale hapakuwa na muuzaji. Chupa ilitoka kwenye kreti za sherehe, kata ilitoka mkononi mwa babu. Shemeji aliyekuja likizo kutoka Marekani alieleza kwamba kule ni miaka 21, na kwamba sheria ya mwaka 1984 iliyasukuma hata majimbo yaliyositasita kwa kuyapunguzia fedha za barabara. Nilimsikiliza nikijiuliza nani atampunguzia nani kitu ndani ya kihamba, shamba la ukoo.

Babu alisema mtoto aonjeshwe nyumbani, mbele ya wazee, ndipo atajua kunywa; yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Shangazi alimjibu kwa heshima zote kwamba mbege ya utoto wake ilijaza tumbo kabla ya kujaza kichwa, na ilichukua mchana mzima, na waliokunywa walirudi nyumbani kwa miguu. Chupa ya asilimia 35 haina mchana mzima, na sasa kila nyumba ina pikipiki. Babu hakukubali. Mimi niko upande wa shangazi, ila sijui kama kumkatalia kijana kata ya babu kunamzuia asiende migombani na wenzake, au ndiko kunakompeleka. Kreti ile ya vijana nitaomba ifutwe kwenye kikao kijacho, na nitaomba pia tukubaliane nani atashika funguo.