Siku moja ndani ya behewa linalokarabatiwa

Mi ni fundi wa ndani ya mabehewa. Injini na magurudumu vina mafundi wake, mimi nahusika na kila kitu ambacho abiria anakigusa, anakikalia, anakisikia au anakinusa toka apande mpaka ashuke. Watu wanapenda kuniuliza kwani kubadilisha vitambaa vya viti kunachukua muda gani mpaka treni ikae karakana miezi? Basi nimeona niandike siku nzima ilivyokwenda.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kikao kifupi cha usalama. Nani anakata chuma, nani anapuliza rangi, behewa gani limewashwa umeme na lipi limezimwa, maana mle ndani nafasi ni finyu na watu ni wengi, mtu akiwasha umeme wakati mwenzie kashika waya huo ni msiba. Ovaroli, viatu vya chuma, miwani, tunaingia kazini.

Saa 1

Behewa la kwanza limevuliwa kila kitu, viti, kapeti, dari, kuta, limebaki bodi tupu. Bodi ya behewa inaweza kuishi miaka 30 mpaka 40 ikitunzwa, ila vitu vya ndani vinachoka mapema mno, ndo maana kukarabati kuna maana kuliko kutupa lote. Na kabla hujavua behewa la zamani lazima lipimwe asbestosi. Uingereza kwa mfano kuna mabehewa ya miaka ya 1950 yaliyopulizwa asbestosi ya bluu kwenye kuta ili kuzuia joto na kelele, na vumbi la hiyo kitu linaingia kwenye mapafu halafu linakuja kuua mtu miaka mingi baadaye, kwa hiyo hakuna kugusa paneli mpaka majibu ya vipimo yawe mkononi. Kwenye hili sina mjadala na mtu.

Leo ni zamu ya sakafu. Plaiwudi ya karibu na mlango na karibu na choo ndo huwa inaoza kwanza, viatu vyenye maji kila siku, maji ya kudekia, bomba la choo linalovuja kidogo kidogo bila mtu kujua. Ukitandika kapeti mpya juu ya mbao iliyooza behewa litapendeza kwenye picha, halafu baada ya muda mfupi harufu inarudi palepale na abiria wanashangaa si walisema wametengeneza? Tunakata, tunaweka mbao mpya, tunaziba kingo zote kwa silikoni. Na sakafu yenyewe haifungwi moja kwa moja kwenye chuma, inakaa juu ya vipande vya mpira, kwa sababu mtetemo wa magurudumu unapanda kupitia chuma na usipokatwa hapo unafika kwenye nyayo za mtu, kwenye kiti, mpaka kichwani akiegemea dirisha.

Saa 3

Viti. Hapa ndo napenda jamani.

Kila mtu anaangalia kitambaa, mimi naangalia sponji. Sponji ikikaliwa miaka na miaka vile vitundu vyake vidogo vya hewa vinapasuka, haijirudi tena, mtu anakaa dakika tano anaona poa lakini baada ya saa moja makalio yameshagusa chuma na mgongo unalalamika. Kwa hiyo ukivalisha kitambaa kipya juu ya sponji iliyokufa hujamsaidia abiria chochote. Na sponji laini sana nayo siyo jibu, mtu anazama, anakosa pa kujitegemeza, kila kona ya reli anayumba. Inatakiwa ngumu ya kutosha chini, laini kiasi juu, na ukingo wa mbele uwe umeviringwa ili usikate mapaja maana ukibana pale miguu inakufa ganzi.

Halafu kuna moto. Sponji ya kochi la nyumbani huwezi kuiweka kwenye treni hata iwe nzuri namna gani, inashika haraka na moshi wake una sumu. Kwa Ulaya kuna kiwango kinaitwa EN 45545, kilitoka 2013, ambacho kinapima joto linalotoka, moshi na sumu yake, na kiti kinachomwa kizima kizima, tena kinachanwa kwanza kwa makusudi kwa sababu wanajua abiria wengine wana visu. Mi nakubaliana nao asilimia mia, kiti cha starehe kinachoua watu kwenye moto si kiti.

Mzee anayeongoza kitengo chetu ana utaratibu mmoja naupenda sana. Kiti cha kwanza kikishafungwa anaita mtu, leo kaniita mimi, "Dogo njoo ukae hapa, usiinuke mpaka nikwambie." Nikamwambia Mzee nina kazi kule, akasema "hii nayo ni kazi." Nimekaa. Muda ulipoenda nikaanza kusikia kitu kinanichoma upande wa kulia wa kiuno, kumbe fremu ya mahali pa kuegemeza mkono inagusa mgongo wa kiti ukijigeuza, kwenye karatasi vipimo vyote viko sawa lakini mwili umekataa. Mzee hakubisha hata kidogo, fremu zote za aina hiyo zimerudishwa zikasogezwe.

Saa 5

Mjadala wa madirisha, na huu mi nausimamia kila mara. Wenye treni wanataka safu nyingi za viti, inaeleweka, watu wengi wanasimama njiani. Lakini ukibana safu bila kuangalia dirisha liko wapi unampa mtu tiketi ya kiti cha dirishani halafu anatazama ukuta wa plastiki safari nzima. Mabehewa ya Mark 3 ya Uingereza ni mfano unaojulikana, bodi ina madirisha manane makubwa kila upande, daraja la kwanza viti vinaendana nayo vizuri kabisa, daraja la pili safu ni nyingi kuliko madirisha kwa hiyo kuna wanaobaki na nguzo tu. Bodi ileile, dirisha lilelile, raha tofauti kabisa. Leo tumeokoa safu mbili kwa kusogeza rafu ya mizigo mikubwa ikae kwenye ile sehemu isiyo na dirisha, sanduku halihitaji kuona nje.

Saa 7 chakula na kupumzika, mgongo umenyooka.

Saa 8

Taa na umeme. Tumetoa taa za mirija tunaweka LED, na hapa rangi ya mwanga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwenye kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, 6500 ni mweupe wa bluu, usiku kila mtu anaonekana mgonjwa, ukishuka kwenye 3000 au 4000 macho yanapumzika na mtu anaweza kusinzia. Soketi tunaziweka kati ya viti viwili au chini ya meza ili wa dirishani asimruke jirani yake kuchomeka chaja.

Saa 9 na nusu

Kelele. Abiria haji kukwambia "asante kwa kuziba ule mwanya wa mlango", ila atashuka hajachoka na hatajua kwa nini. Mipira ya milango mipya, sufi ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo za kumeza sauti, ndani ya kuta, vioo viwili badala ya kimoja, na kipunguza sauti kwenye njia za hewa ya eisii ili isipige mluzi. Ukipunguza desibeli 10 sikio linasikia kama kelele imebaki nusu, kwa hiyo kila mwanya unapiganiwa. Mchana huu tumepita na nyundo ya mpira tukigonga paneli moja moja, ikilia tunafungua, mara nyingi ni klipu moja tu haijakaa au waya unagonga bati.

Saa 11 jioni

Choo kipya cha watu wenye ulemavu. Cha zamani kilimwaga kila kitu relini, hiki kina tangi na kinavuta kwa hewa, harufu inapungua sana. Tumeacha nafasi ya duara la sentimita 150 ili kiti cha magurudumu kigeuke, na vitufe vina maandishi ya nukta nundu na rangi inayojitenga na ukuta. Amekuja dada mmoja anayetumia kiti cha magurudumu kutujaribia, kaingia, kageuka vizuri, kajaribu kufunga mlango, mkono haufiki kwenye kitufe bila kuinama mbele mpaka karibu adondoke. Mchoro unasema urefu uko sawa, na kweli uko sawa, ila kitufe kiko kwenye kona ambapo miguu ya kiti inagonga ukuta kabla mkono haujafika. Akasema "kaka zangu, kisogezeni tu hapa," akaweka kidole ukutani, nikachora alama ya kalamu palepale.

Waya inabidi uvutwe upya nyuma ya paneli tatu tulizokwishafunga. Nimeshazifungua, kesho saa 1 fundi umeme anaanza nazo.