Michigan: nani aliua viwanda, na nani aliletewa bili

Ukitaka kujua mtu wa Michigan, jimbo la magari kule Marekani, anapigia kura chama gani, usimuulize habari za siasa. Muulize nani aliua viwanda. Mmoja atakutajia UAW, chama cha wafanyakazi wa magari, na madai yake yasiyokwisha. Mwingine atawataja wakubwa wa makampuni na NAFTA, mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada wa mwaka 1994. Wazee watamtaja Mjapani na magari yake. Na gavana aliyekuwa madarakani mwaka mtu huyo aliopoteza kazi, naye hakosi fungu lake la lawama.

Naishi Lansing, makao makuu ya jimbo, na mabishano hayo nayasikia kila wiki kwenye chumba cha mapumziko kazini. Kiwanda chetu kinatengeneza viti vya magari. Boksi ni boksi, hata likiitwa kiwanda. Mimi mtoto wa Morogoro, mji uliojengewa viwanda ukaahidiwa neema. Kile cha viatu kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia kilifungwa bila hata siku moja kukaribia uwezo wake. Kwetu jibu la swali hili huwa jepesi: wakubwa walikula. Michigan haiingii kirahisi kwenye jibu hilo.

Chukua Greenville, mji mdogo wa watu kama elfu nane, uliokuwa ukiishi kwa kiwanda cha friji cha Electrolux. Kampuni ilipotangaza kuondoka, gavana wa wakati huo, Jennifer Granholm (mzaliwa wa Kanada, mhamiaji mwenzetu ukipenda), hakukaa akitazama. Jimbo likaweka mezani misamaha ya kodi, chama cha wafanyakazi kikakubali kupunguziwa malipo, wakaahidi hata kusaidia kujenga kiwanda kipya. Kampuni ikashukuru, ikafunga mwaka 2006, kazi zikahamia Juárez, Mexico. Watu 2,700 wakabaki mikono mitupu. Mwaka huohuo Granholm alilihutubia bunge la jimbo akaahidi kwamba baada ya miaka mitano watu watashangazwa na uchumi mpya wa Michigan. Haikutimia hata mitatu na nusu, kampuni za magari za GM na Chrysler zikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na ukosefu wa ajira jimboni ukapita asilimia 14. Sensa ya 2010 ilipotoka, Michigan ilikuwa jimbo pekee Marekani nzima lililopungukiwa na watu katika miaka kumi.

Maneno yake yale wanamkejeli nayo mpaka leo. Mimi namwonea huruma kidogo. Detroit, mji mkubwa wa jimbo, ilianza kuvuja zamani: kampuni ya Packard iliacha kutengeneza magari pale mwaka 1956, na mji uliokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 ulikuwa umekwisha kupoteza mamia kwa maelfu kabla huyo mama hajafikia umri wa kupiga kura. Viwanda vilifuata ardhi nafuu nje ya mji, kisha vikafuata majimbo ya kusini yasiyo na vyama vya wafanyakazi, kisha Mexico. Waliobaki waling'ang'ania kutengeneza magari makubwa mpaka bei ya mafuta ikawaumbua. Hakuna gavana aliyepigiwa simu aulizwe.

Ila kuna jambo moja ambalo gavana huamua kweli, nalo watu hulibishania kidogo kuliko yote: hela zikishakwisha, nani akatwe.

Gavana Rick Snyder aliingia 2011, mhasibu na mfanyabiashara, na sera yake ilikuwa kuendesha jimbo kwa hesabu. Mwaka wake wa kwanza kodi ya makampuni ikapunguzwa kwa zaidi ya dola bilioni moja na nusu kwa mwaka. Katika mageuzi hayohayo, pensheni za wastaafu wengi, ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwa zikiguswa, zikaanza kutozwa kodi ya jimbo. Mezani ilikuwa karatasi moja: huku kuna punguzo, kule kuna makato.

Likaja suala la wasimamizi wa dharura. Mji au wilaya ya shule ikizidiwa na madeni, jimbo linamteua mtu mmoja, anakaa juu ya meya na baraza, anavunja mikataba, anauza mali. Wananchi waliikataa sheria hiyo kwa kura Novemba 2012. Mwezi uliofuata bunge likapitisha nyingine inayofanana nayo, safari hii likapachika humo fungu la fedha, maana katiba ya Michigan hairuhusu sheria yenye fungu la fedha kupigiwa kura ya kuikataa. Kwa ujanja tu, nawapa alama zote. Detroit ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2013, karibu nusu ya watu weusi wa jimbo zima walikuwa wakitawaliwa na mtu ambaye hakuna aliyemchagua.

Mji wa Flint ndio unaoniuma. Ni mwendo wa saa moja kutoka kwangu kwa barabara ya I-69. Mwishoni mwa miaka ya 1970 GM ilikuwa imeajiri watu takriban 80,000 pale, leo hawafiki 10,000. Kodi zikaondoka nao, na Lansing nayo ikawa inapunguza mgao wake kwa miji. Aprili 2014, chini ya msimamizi wa dharura na kwa ajili ya kubana matumizi, mji ukaachana na maji ya Detroit ukaanza kuteka mto Flint. Dawa ya kuzuia maji yasile mabomba haikuwekwa. Madini ya risasi yakamomonyoka kutoka kwenye mabomba yakaingia kwenye vikombe vya watoto, na ugonjwa wa mapafu uitwao Legionnaires ukaua watu wasiopungua 12.

Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha GM pale Flint kikaomba kuachana na maji hayo kwa sababu yalikuwa yanakula vyuma. Kikaruhusiwa. Wakazi walirudishiwa maji ya Detroit Oktoba 2015, mwaka mzima baadaye.

Kazini kwetu kuna mzee wa Flint, aliyeanzia Buick City, kiwanda cha GM cha pale, kabla hakijafungwa 1999, akaishia huku kushona viti kwa mshahara ambao enzi zake angeutemea mate. Nimewahi kula kwake. Kwenye bomba la jikoni kuna kichujio chenye kitaa kidogo, kijani maana yake salama, chekundu maana yake badilisha. Bomba la risasi lililoingia nyumbani kwake lilifukuliwa likawekwa la shaba, cheti anacho, lakini haamini cheti, anaamini kitaa. Kila akijaza sufuria lazima akiangalie kwanza. Nilipomuuliza anamlaumu nani, alijibu kwamba injini zilikuwa na mwanasheria.

Detroit nayo iliomba ufilisi mwaka uleule wa 2013, na kufilisika kwake kulikuwa na adabu kidogo. Wastaafu wa kawaida wa mji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni, wakapoteza nyongeza ya kila mwaka na sehemu kubwa ya bima ya afya. Taasisi za hisani na jimbo zilichangia, bila hivyo makato yangekuwa makali zaidi na michoro ya jumba la sanaa ingenadiwa.

Gretchen Whitmer, gavana aliyemfuata Snyder, alianza mwaka 2023 kuiondoa hatua kwa hatua ile kodi ya pensheni, na hilo nampa. Lakini mchezo wa kugombania viwanda unaendelea. Februari 2023 Ford ilitangaza kiwanda cha betri pale Marshall, ajira 2,500, jimbo likamwaga mamilioni ya motisha. Novemba hiyohiyo ajira zikashuka kuwa 1,700.

Mwaka 2026 tunachagua gavana mwingine, Whitmer anamaliza vipindi vyake viwili. Wagombea watakuja tena kwenye mageti yetu na kofia za UAW ambazo jana hawakuwa nazo, kila mmoja na hesabu yake ya ajira atakazoleta. Mimi nitamuuliza mji ukikosa hela atamtuma nani, na huyo mtu atamjibu nani. Ndugu zangu Wakongomani wa Grand Rapids, na wengine wote mliokwisha kuapa uraia: Michigan unaweza kujiandikisha hata siku yenyewe ya kura, ofisini kwa karani wa mji wako, ukiwa na karatasi inayoonyesha unapoishi. Bili ya umeme inatosha.