Ukungu nyuma ya kabati

Mvua za Aprili hapa Bwaise, mtaa wa Kampala, hazina adabu. Maji yakishapungua, ukuta unabaki umelowa hadi usawa wa goti. Mwanangu wa pili alikohoa wiki tatu, usiku tu, kifua kikilia kama filimbi. Nikasema ni vumbi. Siku niliyovuta kabati kutafuta kiatu ndipo nikaona: madoa meusi, mengine ya kijani, yana manyoya kama mgongo wa panya, na harufu ya gunia bichi.

Daktari alinieleza kwamba ukungu huo ni kuvu, na vijimbegu vyake hupeperuka hewani. Mwenye pumu au mzio huamshiwa kikohozi, mafua, macho kuwasha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu wa ndani mwaka 2009, mimi ndiyo kwanza napata habari!

Mwenye nyumba akaja na rangi. Nikamwambia, "Mzee, ukiupaka juu umeufunika shuka tu." Nikavaa barakoa, nikasugua kwa maji na sabuni, nikakausha. (Jiki na dawa ya choo msichanganye kabisa, mvuke wake ni sumu.) Godoro la sponji lilikuwa limeliwa hadi ndani. Nililitupa, roho ikiniuma.

Siku hizi kabati limeachana na ukuta kiganja kizima, nguo naanika nje, na maharage yakichemka dirisha liko wazi, mbu na waje. Paa bado linavuja pembeni. Mzee anasema Jumamosi.